Tairi Lenye Nywele

Jumanne, 8 Julai 2025

Tairi la mjomba limepasuka. La mbele, kulia. Ilikuwa asubuhi, Mlali, gari limejaa watu na matenga. Noah ikaacha barabara, ikapita katikati ya shamba la nyanya la mtu, ikasimama kwenye mfereji. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja kapoteza kiatu. Mwenye shamba kapoteza sauti, kwa matusi.

Mjomba Mwinshehe karudi jioni amenuna. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama mtu anayejibu polisi. Baadaye ndiyo akasema: jicho la watu. Wanaona gari linatembea, roho zinawauma.

Nikauliza kwa adabu zote, au tairi lilikuwa limekwisha, mjomba?

"Limekwishaje? Kashata za tairi zote zipo! Nenda kalitazame mwenyewe."

Nimekwenda. Kweli bwana. Liko nyuma ya nyumba, linamngoja mtu wa viatu vya katambuga aje kulichana soli. Meno yote yapo, marefu, hata mtoto wa miaka mitano hana meno kama yale. Lakini ubavu! Umeachia kama pazia lililokaa juani. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa kilichochoka nakijua. Hakichaniki. Kinaachia tu.

Jicho gani linachosha mpira?

Jumatano, 9 Julai

Nimelisoma tairi zima, kulizunguka, kama mtu anavyosoma jina la kanga kabla hajainunua. Maneno mengi, herufi nyingi, majigambo ya kiwanda. Kisha, ndani ya kiduara kama yai: 3110.

Maandishi mengine yote yamepanga uwanja mmoja. Hiyo namba peke yake imejengewa nyumba. Ina heshima gani?

Ijumaa, 11 Julai

Jana na leo nimesoma matairi ya Mwembesongo. Yote yaliyokubali kusimama. Gari la mwenye bucha, Canter ya mkaa, pikapu ya maji, teksi ya Gervas. Kila moja lina kile kiyai. 0819. 4522. 5016. 2723.

Namba mbili za mwisho hazivuki 25. Na mwaka huu ni wa ngapi? Haya.

Mbili za mwanzo zinapanda hadi hamsini na ushee, halafu zinagoma. Nimetafuta 60. Nimetafuta 70. Hakuna! Nikakaa kwenye ngazi ya bucha. Ni kitu gani hapa duniani kikifika hamsini na mbili kinaanza upya?

Wiki. Wiki za mwaka!

Kwa hiyo tairi lina siku ya kuzaliwa. Karibu, yaani. Afadhali lenyewe kuliko mimi, maana mama yangu anasema tu nilizaliwa wakati wa mahindi mabichi. Na lile lililopasuka Mlali ni la wiki ya thelathini na moja, mwaka 2010. Mjomba alilinunua juzijuzi tu, "jipya". Alikuwa amenunua mzee.

Mwenye bucha kaniuliza ninachutama kwenye magari kutafuta nini. Nikamwambia hereni. Kosa kubwa. Mtaa mzima sasa unanitafutia hereni, na nimeshaletewa tatu.

Jumapili, 13 Julai

Kikao cha familia kwa dada yangu Raya. Mwanawe, Asha, yuko ndani tangu mwezi uliopita, amewekwa mwali. Atatolewa Jumamosi ya tarehe 26, kule kwetu Kinole, kwenye kiwanja cha Bibi. Kuwekwa ndani amewekwa mjini, kuchezwa atachezwa mlimani. Bibi ameshuka kuja kumchukua.

Usafiri: Noah ya mjomba. Hilo halikujadiliwa hata. Mjomba ndiye kaka wa mama zetu, sherehe ni yake, gari ni lake. Watapanda Asha, Bibi, Raya, mama wadogo, mimi, masufuria na ngoma. Sasa hivi anatembelea speatairi, kwa hiyo atanunua matairi mawili ya mbele kwa Kasimiri, hapo mbele ya kibanda changu.

Nilikuwa nakumbuka zile kona baada ya Mkuyuni, unapoanza kupanda. Upande mmoja migomba. Upande wa pili, vilele vya migomba.

Mlali kulikuwa na shamba la nyanya la kuwapokea. Kule hakuna shamba. Kuna hewa.

Jumanne, 15 Julai

Nimemsindikiza mjomba dukani. Nilijipendekeza mwenyewe.

Kasimiri kamtolea mawili, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akayapiga makofi.

"Mzee Mwinshehe, haya siyo mtumba. Haya ni mwali! Yamekaa ndani, hayajaona jua, na barabara hayajuani. Tazama nywele."

Maana tairi jipya lina vile vinywele vya mpira, vimesimama kila mahali. Mjomba akainama, akavipapasa. Mjomba mwenyewe kichwani hana hata mmoja.

"Tairi lenye nywele ni toto," akasema. Kwa furaha.

Nami nimeshazunguka nyuma, nimeshachutama. Kiyai: 1911. La pili: 1911. Mapacha.

Hapo nikaharibu. Nikasema: "Mtani, mwali wako ana miaka kumi na minne ndani. Ufunguo ulipotea?"

Duka zima likacheka! Mjomba akacheka hadi akashika kiuno. Kasimiri akacheka kuliko wote, akasema mimi Mluguru mguu mmoja mfupi kwa kulima kwenye mteremko, tangu lini nikaacha cherehani nikawa daktari wa matairi. Nikamrudishia, na wewe mpagazi, umetoka Tabora na mzigo kichwani tangu 2011 hujautua? Kicheko kingine.

Nikanyoosha uso. Nikasema jamani, sitanii, someni hapa. Ndiyo kwanza wakazidi.

Tatizo ndilo hilo. Yeye Mnyamwezi, sisi Waluguru. Mtani anaweza kukuambia umekufa, ukacheka, ukamuuliza sanda iko wapi. Ukweli wangu ukivuka kizingiti cha Kasimiri unageuka mzaha. Ningemwambia duka linaungua angeniomba kiberiti.

Alipomaliza kufuta machozi akamwambia mjomba ile ni namba ya kiwanda, kama ya chasisi, haina maana. Mjomba akaridhika. Atayachukua akirudi kutoka Dakawa, anakofuata mchele wa sherehe.

Sawa. Nina wiki nzima.

Alhamisi, 17 Julai

Mteja kaleta sketi, kiuno kimelegea. Nikafungua droo ya chini. Kuna lastiki niliinunua mwaka nilioanza kazi hapa, haijafunguliwa karatasi. Mpya kabisa.

Nikaivuta. Krrrr! Kama mtu anakanyaga maganda ya karanga. Nikaiachia, haikurudi. Imebaki imelala mkononi kama mlenda.

Mpya. Haijavaliwa na mtu. Na imekufa!

Nikaruka kutoka kwenye kiti nikamwambie mjomba. Nilifika mlangoni nikarudi. Nitaanzaje? "Shikamoo mjomba, nimekuletea lastiki." Ataniuliza lastiki ya nini. Kuna nguo mwanamke hazitaji mbele ya kaka wa mama yake, hata kama roho za watu zinaning'inia hapo.

Adabu ina gharama zake.

Jumamosi, 19 Julai

Kama utani ndio umenifunga, basi utani ndio nitautumia. Nimelala na wazo hili, nimeamka nalo.

Asubuhi nikaingia kwa Kasimiri na chaki yangu ya kuchorea nguo. Sikuomba ruhusa, mtani haombi. Nikapita tairi kwa tairi, nasoma kiyai, naandika mwaka kwa herufi kubwa ubavuni. 2011. 2013. 2011. Moja 2023, nikaliandika HONGERA. Kasimiri kasimama kashika kiuno. Akasirike? Hawezi! Wateja wanatazama, mtani yuko kazini.

"Andika na langu kabisa," akasema. "Mimi wa sabini na tisa."

Nikamwandika mgongoni. Shati jeusi, imetoka vizuri.

Akaja dereva mmoja, Bartholomeo, anapakia vitunguu. Akasoma ubavuni. Akauliza 2011 ni bei au saizi? Mtu mmoja akamjibu umri. Bartholomeo akafikiri, akasema atarudi. Hakurudi.

Hapo kicheko cha Kasimiri kikapungua urefu. Mchana akaja kibandani, peke yake, bila utani. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

Akasema: Nasra, nilinunua stoo nzima ya mtu aliyefunga biashara. Niliyakuta ndani ya nailoni. Sijamwambia mtu uongo hata mmoja. Kitu hakijatumika ni kipya, sasa ulitaka nikiite nini? Wewe ungeyatupa?

Nilitaka kumjibu papo hapo. Nikakumbuka ile lastiki nimeirudisha droo ya chini.

Nikamwambia, kitupe au kiuze kwenye toroli la punda, lakini siyo Kinole. Akainuka. Akasema Mzee Mwinshehe ni mtu mzima, ameangalia mwenyewe, ameridhika mwenyewe.

Jioni matairi yote yamefutwa chaki na kupakwa upya dawa ya kung'arisha. Yananukia hadi kwangu.

Jumanne, 22 Julai

Nilikwenda Kihonda kupeleka sare. Nimerudi, nimekuta yamefungwa! Noah iko kwa Raya, mbele inang'aa, nyuma vumbi la Dakawa.

Nikachutama kutafuta kiyai. Kulia hakuna. Kushoto hakuna. Ubavu mtupu.

Mjomba alikuwa ananitazama kutoka barazani, mikono nyuma.

"Umeiona namba?"

"Sijaiona, mjomba."

"Basi. Kwisha maneno."

Wameyageuza. Kiyai kipo upande mmoja tu wa tairi, na huo upande sasa unatazama chini ya gari. Ukificha cheti cha kuzaliwa, umekuwa kijana. Laiti ningejua mapema, ningeficha cha kwangu.

Nikalala chini, nikajisukuma chini ya gari, na simu yenye tochi. 1911. Akanikuta miguu iko nje.

"Nasra! Mtoto wa kike! Toka chini ya gari la watu!"

Nikatoka. Gauni lote oili. Nikasema mjomba, naomba unisamehe, haya matairi yana miaka kumi na minne, lile la Mlali lilikuwa na kumi na tano. Kwa sauti ya chini, macho chini, nisimvunjie heshima.

Akainama, akalitazama tairi. Nilidhani ameingiwa na shaka. Kisha akasema mimi nina matatizo na furaha za watu, na kama sitaki kupanda gari lake, nibaki nishone.

Raya alikuwa dirishani. Baadaye akaniambia ananiamini. Lakini ukimkatalia mjomba gari siku ya mwali wako, umemkataa mjomba. Na mchele wote ni wake. Akalia kidogo, akaenda kumwogesha Asha.

Sibaki nishone.

Alhamisi, 24 Julai

Leo nimekwenda kwa mkubwa wake. Mjomba ana mama, na mama ni Bibi, na Bibi kwangu ni mtani wa halali kabisa. Naye sina aibu ya lastiki.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikampa lastiki ya droo, nikamwambia vuta.

Krrrr!

"Umenikatia?"

"Imekatika yenyewe, Bibi."

"Chakavu hii, mke mwenzangu. Unaniletea vitu vya jalalani."

"Mpya, Bibi. Nakuapia. Haijatoka kwenye karatasi, ila ni ya siku nyingi."

Akaivuta tena. Krrr. Akasikiliza, sikio karibu, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri ndogo. Nikamweleza: matairi ya mwanao ndiyo haya. Mazuri, yana nywele, na Kasimiri kayaita mwali, lakini kawekwa ndani miaka kumi na minne.

Bibi akaacha mchele.

Akasema yeye amefunda wasichana wengi, hawahesabu tena. Mwali akikaa ndani sana anatoka mweupe, mnene, kila mtu anashangilia uzuri. Halafu unamwambia inuka ucheze. Magoti yanakataa. Zamani walikuwa wakibebwa, siyo kwa heshima tu! Hawawezi kutembea!

Akacheka, mimi nikacheka. Kisha akaacha kucheka kabla yangu.

"Na Mwinshehe anajua?"

Nikamwambia ameambiwa. Kujua, sijui.

Akarudi kwenye mchele wake. Ile lastiki aliifunga kwenye pindo la kanga, pale anapoweka ugoro.

Ijumaa, 25 Julai

Fupi, nina magauni matatu ya kumaliza.

Kasimiri amealikwa kesho, mtani hakosi kwenye ngoma. Nimemwita kutoka barabarani, kwa sauti ya sukari, watu wasikie: "Mtani! Kesho kiti cha mbele ni chako. Mjomba ameridhia. Upunge na upepo wa mlimani."

Akasema ahsante. Akasema lakini ana mgeni asubuhi. Akasema halafu gari litajaa. Akasema halafu kifua chake na kiyoyozi. Mwisho akasema atakuja kwa bodaboda.

Bodaboda! Hadi Kinole! Na kifua hicho hicho!

Nikamtazama. Akanitazama. Hakuna aliyecheka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi, nikamwambia. Akauliza tu: "Kiti cha mbele kiko wazi, basi?"

Jumamosi, 26 Julai

Naandika nimekaa kibarazani kwa Raya, daftari juu ya goti. Siwezi kungoja jioni.

Mjomba kafika mapema. Kanzu nyeupe, kofia, Noah imeoshwa. Matairi yanang'aa kuliko gari. Kapiga honi, akina mama wakapiga vigelegele. Masufuria yamepakiwa, mchele umepakiwa, ngoma zimefungwa juu. Asha ndani, kafunikwa kanga mbili, anangoja kubebwa.

Bibi katoka. Peke yake, na mkoba wake. Kazunguka mbele ya gari polepole, kafungua mlango wa mbele, kapanda. Kafunga.

Mjomba kamwambia, mama, wewe nafasi yako nyuma, na mwali.

"Mwali anabaki. Wote wanabaki. Tutatangulia wawili, mimi na wewe. Unipandishe Kinole, unishushe, halafu ndiyo urudi uwachukue."

Mjomba akacheka. Akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Mama wadogo wametazama chini. Raya kashika mlango wa nyumba kwa mikono miwili.

"Mama, umesikiliza maneno ya Nasra."

"Sijasikia neno la mtu. Nimepanda gari la mwanangu. Washa twende, jua linapanda."

Kasimiri naye kafika, kwenye bodaboda kweli, helmeti hajavua. Mjomba kamwona. Kaita kwa nguvu: "Kasimiri! Njoo umwambie mama matairi ni mapya!"

Kasimiri kafungua mdomo. Kamtazama Bibi, Bibi kamtazama. Mdomo umefungwa tena. Mnyamwezi kukosa neno mbele ya Waluguru! Sijawahi kuona.

Mjomba kapanda. Kawasha. Kaingiza gia, gari limesogea hatua moja, ngoma juu zimegongana. Limesimama.

Bibi anatazama mbele tu. Mkoba magotini, kama mtu aliyeko msikitini. Wala hamgeukii.

Mjomba hajawahi kumfunga mtu mkanda kwenye gari lile. Huwa anasema mkanda ni wa matrafiki. Sasa kageuka. Kapitisha mkono juu ya mabega ya mama yake, ameushika mkanda, anauvuta —

Umefika kifuani. Mkono umesimama hapo. Injini inaunguma. Hajaufunga, hajauachia. Anamtazama mama yake uso kwa uso, karibu kabisa, na mama yake anamwambia kitu, kwa sauti ya chini, sisikii —